Barabarani Anza na "Ila"

Nakumbuka siku moja baba yangu mdogo, Mzee Masunga, aliwahakikishia madereva, mmoja baada ya mwingine, kwamba sisi hatuna shida yoyote. Alisema hivyo akiwa amesimama kando ya lami, kati ya Lamadi na Bariadi, na nyuma yake pikapu yangu imelalia upande mmoja kama ng'ombe anayetaka kucheua. Matairi mawili yalikuwa yamepasuka. Spea ilikuwa moja. Na juu ya gari kulikuwa na samaki wa mtu.

Mwanangu, nakusimulia haya kwa sababu nimesikia umepata leseni na unatafutiwa gari, na kwa sababu ni vigumu kumpata mtu anayefaa kukusimulia kuliko mimi. Niliondoka kijijini kwetu Lingeka nikiwa nimevaa tairi miguuni, yale makatambuga yanayokatwa kwenye tairi kuukuu la lori, nikarudi nimekalia matairi manne, yote yangu. Katikati hapo kuna gereji za Dar es Salaam, kuna Lusaka, na kuna stashahada ya ufundi wa magari, ambayo imetundikwa sebuleni kwangu mkabala na mlango ili anayeingia aanze nayo. Hakuna aliyenilipia ada. Wapo watu hapa Bariadi wanaosema napenda kujisifu. Ni kweli, napenda, na wao wangepata cha kujisifia nao wangependa.

Siku hiyo nywele zangu zilikuwa bado nyeusi na lami ya barabara ile ilikuwa bado nyeusi pia. Nilikuwa nimekodiwa na Mayo Minza, yaani Mama Minza, wa Lamadi, mjane mfanyabiashara wa samaki, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na mikono mizito. Kwa miaka mingi alikuwa akileta Bariadi dagaa na samaki wakavu kwa basi. Safari hii, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameagizwa sato wabichi, deli zima, lile sanduku la plastiki la kutunzia baridi, kwa ajili ya karamu ya harusi. Mpishi wa harusi ile ndiye aliyekuwa akipikia semina na wageni wa ofisi nyingi za mjini, na alikuwa amemwambia bila kuzunguka: wakifika wazuri kabla ya saa sita mchana, nitachukua kwako kila wiki, wakifika wamelegea, futa namba yangu. Mtaji wa nyumba yake wote ulikuwa ndani ya deli lile, chini ya barafu, na barafu haiwezi kubishana kwa muda mrefu na jua la Simiyu.

Mzee Masunga hakuwa na biashara yoyote. Alikuwa amelala Lamadi kwa binti yake, akaomba lifti. Tukakaa watatu mbele: mimi kwenye usukani, Mayo Minza katikati, na mzee dirishani, kwa kuwa yeye ni mkubwa na kwa kuwa anapenda kuangalia ng'ombe wa watu na kuwatoa kasoro.

Hatukuwa tumefika Dutwa. Mbele yetu lilikuja basi, limechukua upande wake wote na sehemu nzuri ya upande wangu. Nikabana kushoto. Hapo kushoto, mtu fulani aliyeharibikiwa kabla yetu alikuwa ameacha mawe aliyokingia magurudumu yake, makubwa kama vichwa vya ndama. Alitengeneza gari lake, akashukuru Mungu, akaondoka, mawe akatuachia sisi. Tairi la mbele likapanda jiwe, la nyuma likafuata. Nilisikia mlio, kisha mlio.

Sikukanyaga breki kwa nguvu. Hilo likae kichwani mwako. Tairi linapopasuka, mguu wa mtu unataka kukimbilia breki wenyewe, na anayeuruhusu ndiye anayekutwa mtaroni. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikaliacha gari lichoke lenyewe, kisha nikalitoa nje ya lami taratibu. Nikawasha taa za dharura. Nikawateremsha abiria kwa upande wa porini. Abiria anayefungua mlango wa upande wa barabara anateremka mbele ya gari la mtu mwingine. Halafu nikachukua pembetatu zangu nyekundu, nikaenda kuzisimamisha nyuma na mbele, mbali kiasi cha kumpa anayekuja nafasi ya kufikiri. Ukiziweka karibu unampa nafasi ya kushtuka tu.

Mayo Minza alinitazama nikirudi.

"Na matawi?" akauliza.

"Nakwenda kukata, mayo."

"Maana hivyo vyekundu vyako watu wa huku wanaweza kudhani umeanika."

Sikuwa nahitaji kukumbushwa. Diploma ilinifundisha pembetatu, Lingeka ilinifundisha matawi, na mimi sikuwahi kuona sababu ya kuacha moja nyumbani. Nilikata matawi mabichi yenye majani mengi nikayalaza kwenye ukingo wa lami pande zote mbili. Dereva wa lori anaweza asijue pembetatu ina maana gani, lakini akiona majani yamelala barabarani anajua kuna mwenzake amekwama mbele.

Kisha nikapiga simu. Nilipokuwa Dar nilikuwa nimelipia huduma ya msaada wa barabarani ya kampuni moja, nikapewa kadi nzuri ya plastiki yenye namba nyuma. Akapokea binti mwenye sauti ya upole sana.

"Uko wapi, kaka?"

"Simiyu. Barabara ya Lamadi kwenda Bariadi."

"Simiyu ni wilaya ya mkoa gani?"

"Simiyu ni mkoa."

Nikamsikia akimwuliza mwenzake. Kisha akarudi. "Kaka, gari letu la kuvuta lililo karibu nawe liko Morogoro."

Mayo Minza alikuwa ameshasogeza sikio. "Mwambie lije polepole," akasema. "Litukute kwenye matanga ya sato."

Sikumlaumu yule binti. Mkoa ulikuwa mpya na yeye alikuwa mbali. Nilipiga tena, sasa kwa fundi mmoja wa Bariadi ninayefahamiana naye, naye akajibu kwamba ndiyo anatoka. Nyuma yake nilisikia redio na mtu akiomba kuongezewa mchuzi. Mwanangu, utaisikia sana hiyo "ndiyo natoka." Maana yake mtu amekaa. Usipange safari yako juu yake.

Basi nikapanga mimi mwenyewe. Spea ingeingia mbele. Tairi la nyuma lilihitaji kufunguliwa na kupelekwa Dutwa kwa fundi pancha, na kwa hilo ilitosha pikipiki. Samaki walihitaji gari lolote linaloelekea Bariadi lenye nafasi ya deli moja. Sote watatu tulikubaliana hivyo pale pale, kwa sauti, na mzee akaitikia kwa kichwa.

"Baba," nikamwambia, "simama pale nyuma ya gari, nje ya lami. Atakayepunguza mwendo, zungumza naye."

Alirekebisha kofia yake, akashika fimbo, akaenda kusimama. Hesabu yangu ilikuwa sahihi na hata leo ningeipiga vilevile. Kijana akisimama kando ya barabara porini, dereva anafunga kioo na kuongeza mwendo. Mzee mwenye mvi, kofia na fimbo, watu wanasimama. Na kweli walisimama.

Mimi nikaingia kazini. Udongo wa pale ni ule mweusi wa mbuga, unaopasuka wakati wa jua na kumeza kila kitu wakati wa mvua, na hata ukiwa mkavu unaweza kuimeza jeki yako pole pole huku unaangalia. Nilikuwa na kipande cha ubao kwa ajili hiyo. Nakushauri utembee nacho, hata kama mke wako atauliza kwa nini unabeba kuni. Nililegeza nati za gurudumu la mbele kabla ya kuinua gari, maana ukishaliinua gurudumu linazunguka nawe na nati inakucheka. Nikaliinua, nikabadilisha, nikalishusha, nikakaza. Nikahamia nyuma. Hapo nilikuta nati moja imeshika kutu na haitaki kusikia habari ya spana, nikalala chini, kichwa chini ya bodi, kuishughulikia.

Nikiwa chini nikasikia gari limepunguza mwendo na kusimama.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanawane," akajibu Mzee Masunga, kwa ile sauti yake ya kikao.

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Mwanangu, wewe umekulia kwenye Kiswahili, kwa hiyo nikueleze: huyo alitoa salamu ya asubuhi, mzee akamwitikia na kumwita mwanangu, akaulizwa kama kuna amani, akajibu kwamba ni amani tupu. Gari likaondoka.

Nilidhani yule dereva amekataa. Nikajisemea kwamba watu wa siku hizi hawana utu, nikaendelea na nati yangu. Baada ya muda likaja lori la pamba. Nalo likapunguza mwendo, nikasikia sauti kutoka juu, nikasikia "mhola duhu," nikasikia gia ikiingia. Nikawaongeza na madereva wa pamba kwenye orodha ya wasio na utu.

Mayo Minza alikuwa juu ya gari, akisukasuka barafu ili iwafunike samaki wote. Maji yake yalikuwa yakipenya kwenye sakafu ya pikapu na kudondoka karibu na shavu langu. Mwanzoni yalikuwa ya baridi mpaka nikafurahi, maana jua lilikuwa limeshapanda. Kisha yakawa ya kawaida. Nilipoona tone limeangukia shavuni na sikulisikia kabisa, nilijua bila kuuliza kinachoendelea ndani ya deli.

Ikaja pikipiki. Hiyo niliisikia vizuri, maana ndiyo hasa niliyokuwa naisubiri kwa ajili ya tairi.

"Mzee, kwema hapo?"

"Kwema kabisa, baba. Nyie mmeamkaje huko?"

"Salama, mzee."

"Haya, mwende salama."

Pikipiki ikaondoka. Juu yangu, hatua za Mayo Minza zikasimama.

"Diploma," akaita. "Toka chini ya gari."

"Kuna nini, mayo?"

"Mzee anawaaga watu."

"Anawaaga vipi?"

"Watu wanasimama. Yeye anawaaga."

Nilitoka. Yeye alikuwa ameshateremka, mikono inachuruzika maji, anamwendea mzee. Hakumpandishia sauti. Mayo Minza aliweza kumtukana dereva wa basi kutoka Lamadi mpaka stendi ya Bariadi, lakini kwa mzee alipiga goti kidogo kwanza.

"Baba, wale wa pikipiki wamekuuliza nini?"

"Wameuliza kama ni kwema."

"Ukawaambia?"

"Kwema."

"Na hali yetu ikoje, baba?"

Mzee Masunga aligeuka akalitazama gari kama anayelikagua mnadani. "Si nzuri," akasema.

"Sasa?"

"Hawakuuliza gari. Wameniuliza mimi. Mimi ni mzima."

Mayo Minza alinitazama, mimi nikaitazama barabara. Barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma, inatetemeka kwa joto. Mayo Minza alirudi kwenye deli, akafunua turubai, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa. Nilimwona akiutazama ule mkono. Kisha akaifunga kanga yake upya kiunoni na kwenda kusimama mahali pa mzee.

Ilikuja pikapu kutoka upande wa Lamadi, imebeba kreti tupu za soda, kijana anaendesha. Alipopunguza mwendo tu, kabla hajafungua mdomo, Mayo Minza aliinua mikono yote miwili.

"Tairi mbili zimepasuka, spea ni moja, samaki wanaharibika, harusi ni saa sita, mwangaluka baba."

Yule kijana alicheka mpaka gari likazima. "Mwangaluka, mayo," akasema. "Basi tuanze na samaki."

Ilikuwa kazi fupi baada ya hapo. Tulibebanisha kreti, tukapata nafasi, tukalihamisha deli watu watatu. Nati iliyonisumbua ilifunguka kwa spana ndefu ya yule kijana. Sikuikosa kwa uzembe, spana ya namna ile haiuzwi na gari. Tairi la nyuma lilikuwa limechanwa ubavuni, na tairi lililochanwa ubavuni haliwekwi kiraka, hata fundi akikuapia kwa jina la mama yake. Kwa hiyo tulikubaliana wanipitishie rimu Dutwa, fundi pancha aivalishe tairi kuukuu lililo zima, na bodaboda anirudishie.

Mayo Minza alipanda mbele. Kabla hajafunga mlango alimwita mzee.

"Baba, akija mwingine, wewe kohoa tu. Usiseme kitu."

Wakaondoka. Tukabaki mimi na baba yangu mdogo, na gari lililo juu ya jeki, na matawi yaliyoanza kunyauka barabarani. Tulikaa kwenye kivuli chembamba cha gari, upande wa porini.

"Unanilaumu," akasema.

"Sijasema neno, baba."

"Unapumua kwa lawama."

Nikajaribu kupumua vingine. Yeye aliweka fimbo mapajani.

"Kwetu mtu hamwagi shida mlangoni," akasema. "Mtu anakuuliza mhola, unamjibu mhola. Anakuuliza mji, unamjibu. Anauliza mvua, mifugo, wagonjwa. Akishamaliza, unakohoa kidogo, unasema: ila kuna kajambo. Hapo ndipo anavua kofia na kukaa. Hao wenu hawakufika kwenye ila. Mguu uko kwenye mafuta, wanauliza amani. Unataka niwakimbilie?"

"Ungeanza na hiyo ila, baba."

"Nianze na ila." Aliyarudia maneno hayo pole pole, kama mtu aliyeambiwa avae suruali kichwani. "Mbele ya mtu nisiyemjua."

"Mayo Minza ameanza nayo."

"Mayo Minza ana samaki. Na hata yeye salamu aliitia, mwishoni. Nilisikia."

Nilidhani amemaliza. Ng'ombe wa mtu walikuwa wanavuka mbali, akawatazama mpaka wakaisha, na safari hii hakuwatoa kasoro.

"Halafu wewe usinifundishe," akasema. "Ulipokuwa huko Lusaka, mimi nilikuwa natembea mpaka Mwanhuzi kukupigia simu. Nikuulize mhola, unasema mhola duhu. Nikuulize kazi, unasema nzuri. Nikuulize unakula, unasema nakula. Unaaga. Alipokuja yule mwenzako wa Binza ndipo tukasikia kwamba kipindi kizima ulikuwa unalala kwenye kiti cha gari bovu, na kifua kinakuuma, na huna wa kukuchemshia maji. Tulikuwa na ng'ombe, ng'wanawane. Tungeuza. Lakini hukufika kwenye ila."

Nilikuwa na la kumjibu. Ningeweza kumwambia kwamba kama wangeuza ng'ombe, stashahada ile ingekuwa na wadai, na leo isingekuwa yangu peke yangu pale ukutani. Ningeweza kumwambia kwamba kiti kile cha gari kilinifundisha kuliko walimu. Mimi ni mtu niliyejijenga mwenyewe, nimelisema hilo kwenye vikao vingi na halijawahi kuwa uongo. Mpaka leo sijui kama ningempokea ng'ombe wake. Niliinuka nikaenda mbele ya gari kukaza nati ambazo zilikuwa zimeshakazwa.

Bodaboda alifika na gurudumu limefungwa nyuma yake kwa mpira. Aliposimama, mzee alimwahi.

"Gurudumu ni la huku," akasema, akionyesha kwa fimbo. Akasita, akaongeza: "Mwangaluka."

Nililifunga gurudumu, nikikaza nati kwa kuvuka, moja ya juu kisha ya upande wa pili chini, ili rimu ikae sawa. Nikakusanya pembetatu zangu. Nikakusanya matawi yote nikayatupa mbali, maana majani yaliyosahauliwa barabarani yanawafundisha madereva kutoyaamini. Na yale mawe ya mwenzetu niliyabeba moja moja mpaka ng'ambo ya mtaro. Mzee alibeba dogo.

Habari za samaki nilizipata kwa Mayo Minza mwenyewe jioni ile, nikimkuta nje ya ukumbi wa harusi amekaa juu ya deli tupu. Alisema walipofika, barafu iliyobaki ingeweza kujaa kikombe. Mpishi alichukua sato wa juu akamweka pembeni bila kumtazama, kwa kuwa kila muuzaji anaweka wazuri juu. Akaingiza mkono chini kabisa, akamtoa mmoja, akamfunua shavu, akambonyeza ubavuni, akamnusa. Hakusema kitu. Akawageukia vijana wake akawaambia waanze kupara magamba. Mayo Minza alisema hakuwahi kusikia maneno matamu kama kimya kile. Aliniletea sahani ya pilau, akaniambia nile haraka kwa sababu wiki ijayo kuna safari tena. Na kweli wiki iliyofuata ilikuwapo, na nyingine, mpaka akanunua gari lake, na mimi ndiye niliyemchagulia.

Matairi yaliyopasuka aliyaomba Mzee Masunga. Moja alilitoa kwa watoto wa jirani wakalifanya bembea. La pili alikatiwa makatambuga, akayavaa mpaka mwisho wa maisha yake, na kila aliyeuliza aliambiwa kwamba mzee anatembelea diploma ya mtoto wa kaka yake. Nilimwacha aseme.

Sasa mwanangu, nikuambie ninachotaka ukichukue.

Kabla hujatoka, kagua spea yako kwanza, kisha haya manne unayoyaona. Spea isiyo na upepo ni mzigo tu. Beba jeki, spana ndefu, kipande cha ubao, maji, na chaji kwenye simu. Weka namba ya fundi wa kila mji unaopita, si namba iliyo nyuma ya kadi peke yake, na anayekwambia "ndiyo natoka," mpigie na mwingine. Tairi likipasuka, tulia, liache gari lipungue lenyewe, litoe nje ya lami, abiria washuke upande wa porini, weka pembetatu na matawi. Ukimaliza, ondoa vyote, na jiwe ulilolitoa porini lirudishe porini. Mimi simjui aliyetuachia yale mawe, na yeye hatujui, lakini alikaribia kufilisi nyumba ya mjane na hajui mpaka leo.

Hayo mtu yeyote mwenye diploma atakufundisha. La kwangu ni hili. Ukikwama, adabu uliyolelewa nayo iweke mfukoni kwa muda, utaichukua baadaye. Dereva anayesimama barabarani ana nafasi ya sentensi moja tu masikioni mwake. Usimpe mhola. Mpe ila. Mwambie tairi, mwambie samaki, mwambie mgonjwa, halafu msalimie. Hakuna atakayesema hukulelewa.

Na siku ukiwa wewe ndiye unayepita na gari lako zima, usimwulize aliyekwama kama ni kwema. Ukimwuliza hivyo, mtu wa kwetu atakujibu kwema hata kama anaungua. Mimi nikiona majani barabarani nateremsha kioo na kuuliza, "Tairi au injini?" Wengine hushtuka kwamba sijawasalimia. Wote hunijibu ukweli.

Unanipigia simu kila Jumapili, mwanangu, na kila Jumapili nakuuliza hali, unasema salama. Mimi siku hizi sikati simu hapo. Umeshaona kwamba nanyamaza kidogo. Nakusubiri ufike kwenye ila.

Mungu akupe barabara inayokupeleka na kukurudisha. Akupe matairi magumu na moyo usiokimbilia breki. Na siku ikitokea ukalala kando ya njia, akuletee mtu wa kupunguza mwendo, na wewe akupe ulimi wa kumwambia kabla hajaingiza gia.